Ngozi Yangu Haiambukizi, na Bado Naogelea

Wasee, wacha nianze na ile siku nilitaka kuacha kuogelea kabisa.

Ilikuwa Jumamosi, kidimbwi kimejaa watoto. Nimeshalipa 300, nimevaa, mguu mmoja tayari uko kwa maji. Mama mmoja akaniangalia nyuma ya magoti, akaangalia viwiko, akamwita yule jamaa wa kulinda kidimbwi. Hata hakunong'ona. "Huyu msichana ana upele. Ataambukiza watoto wetu." Jamaa akakuja mos mos, akaniambia, "Siz, si ungoje tu upone kwanza?"

Nikachukua taulo nikaenda. 300 yangu sikurudishiwa.

Sasa hebu muelewe. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo. Sina darasa, sina kazi, na video zangu zilikuwa zinatazamwa na mabinamu tu. Kuogelea ndio kitu pekee kilikuwa kinanitoa kitandani asubuhi. Nikikaa wiki bila maji, kichwa kinaanza kelele. Kwa hivyo kufukuzwa pale haikuwa aibu ya dakika tano. Nilikaa miezi minne bila kurudi.

Halafu hiyo "upone kwanza" ndio iliniuma zaidi. Nina ukurutu tangu nikibebwa mgongoni. Madaktari huita ekzema. Si kitu ya kuisha wiki ijayo. Na hauambukizi: si kwa kugusana, si kwa taulo, si kwa maji. Mara nyingi huja na ukoo, pamoja na pumu na mzio. Mama yangu ana pumu, mjomba hupiga chafya vumbi ikipita tu, mimi nikapewa ngozi.

Lakini nisiwadanganye, mimi pia nilikuwa nimejiharibia. Watu walinifanya niamini shida ni uchafu, basi nikawa najisafisha kama sufuria iliyoungua. Nikitoka majini, naoga maji moto, sabuni kali ya kuua viini, sponji mpaka ngozi inalia. Halafu napanda matatu saa nzima ndio nifike nyumbani nijipake mafuta. Kufika, nikikunja kiwiko nasikia ngozi ikikazana ikitaka kupasuka. Usiku ni kujikuna hadi shuka inapata damu.

Nikaenda duka fulani, nikauziwa krimu ya mia moja. Hakuna maswali, hakuna maelezo. Siku mbili, ngozi laini kama ya mtoto! Nikaipaka miezi, mpaka usoni. Kumbe ilikuwa na steroidi kali. Ngozi ikaanza kuwa nyembamba, na nikiacha siku moja, mwasho unarudi mara mbili. Daktari wa ngozi aliponiona alinieleza pole pole: steroidi si sumu, lakini kila moja ina nguvu yake, mahali pake na siku zake. Ya viwiko si ya uso. Na hiyo hupimiwi na mtu wa duka.

Huyo daktari ndiye alinifungua macho. Alisema fikiria ngozi ni ukuta. Seli ni matofali, mafuta ya ngozi ndiyo simiti. Ukuta wetu sisi wa ukurutu una nyufa, unyevu unatoka na vitu vya kuwasha vinaingia. Klorini inabeba ile simiti kidogo tuliyo nayo. Tena maji ya kidimbwi hukaa kwa pH ya 7.2 hadi 7.8, na ngozi inapenda kama 5 hivi. Ukiongeza maji moto na sponji, umebomoa ukuta wote.

Basi hivi ndivyo mimi hufanya sasa.

Kabla ya kuingia, naoga maji tupu kutoa jasho. Najikausha, napaka Vaseline ya kawaida, tabaka nyembamba, kwa viwiko, nyuma ya magoti na shingo. Si kujipaka kama mandazi, maji ni ya watu wote.

Ndani ya maji, ni nusu saa hivi, si kushinda huko mchana kutwa. Kama ngozi imepasuka, inatoa maji au ina maganda ya manjano, siingii, natafuta daktari, kwa sababu hapo inaweza kuwa na viini. Siku kama hizo, yule jamaa angekuwa sawa.

Nikitoka, sikai kando na chipsi nikiwa na nguo mbichi. Naenda moja kwa moja kuoga, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato. Najikausha kwa kugusa na taulo, si kusugua. Halafu ndani ya kama dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, napaka mafuta mazito yasiyo na harufu. Mkebe unakaa kwa begi. Hiyo peke yake, kupaka pale pale badala ya nyumbani, ilinisaidia kuliko kila kitu nimewahi kununua.

Na kama unadhani bahari itakuhurumia, nilienda Diani nikidhani hivyo. Chumvi kwa ngozi iliyopasuka, manze! Sheria ni zile zile: suuza, kausha, paka.

Sasa nifike kwa yangu ya moyoni. Ile harufu kali ya kidimbwi inayochoma pua na macho, watu husema ni dalili ya usafi. Hapana. Hiyo ni kloramini, inatokea klorini ikikutana na jasho na mkojo wetu. Maana yake, kinachowasha ngozi yangu zaidi ni watu walioingia bila kuoga. Karibu kila kidimbwi nimeenda kina kibao, "Oga kabla ya kuingia". Ukifungua bomba, hakuna tone. Mnachukua 300 ya kila mtu, mnafukuza mwenye ukurutu, na bafu halina maji?

Mimi siku hizi hubeba jerikeni ya lita tano. Nilirudi kwa kile kidimbwi, asubuhi ya siku ya kazi, nikasimama pale kando nikijimwagia. Jamaa ni yule yule. Akacheka, "Siz, unaoga ndio uende kuoga?" Nikamweleza yote, ukurutu, klorini, hadi mkojo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ndio kitu mtoto wake ako nayo mashavuni. Nikamwambia sijui, mimi si daktari, ampeleke kliniki, na asimnunulie krimu ya mia moja.

Tangu hapo naingia bila maswali. Bafu bado halina maji, lakini.

Na wewe unayekojoa kule kwa kina kirefu ukidhani hatujui, tunajua. Mtu wa kwanza kufukuzwa asubuhi hiyo hangekuwa mimi.