Dodoma siku hizi (sehemu ya 4)

Mama mwenzangu uliyehamia Dodoma karibuni, leo naongea na wewe. Mimi nilipopangiwa kazi hapa mwaka 2014, watu walinipa pole: vumbi, upepo, saa mbili usiku mji umelala. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza inahamia, 2018 tukawa jiji, 2024 treni ya umeme ikaanza. Sasa ukisema unahamia huku unapewa hongera. Na kodi ya nyumba imepanda kweli kweli!

Ila kliniki naona jambo jingine. Zamani mzazi alikuja kasindikizwa na mama yake au wifi. Siku hizi wengi wanakuja peke yao. Juzi mmoja kaleta mtoto wa siku saba kutoka Nzuguni, mume yuko safari ya kikazi, jirani hamjui hata mmoja. Nikamuuliza, umekula nini leo? Akaanza kulia. Nikampokea mtoto, akanywa uji wangu wote (nilikuwa na njaa, lakini basi).

Usingoje ujifungue ndipo umtafute mtu. Jirani mzoee sasa, hata dada wa genge. Bibi naye mkatieni tiketi mapema.

Wa kwake alishuka Ijumaa kutoka Morogoro, na mchele kilo kumi.