Gemu inakwama? Angalia faili kabla ya kukopa hela ya kifaa kipya



Najua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta habari za zabibu, alizeti na kuku. Lakini kata yetu ya Ipagala ni ya mjini na shambani kwa wakati mmoja. Mzazi analima, kijana ana kibanda. Hela ya zabibu ndiyo inayonunua friji ya soda, spika, na siku hizi vifaa vya gemu. Kifaa kikisumbua, anayeumia ni yule yule mkulima. Kwa hiyo leo tuzungumzie gemu kama tunavyozungumzia pampu ya maji: ni chombo cha kazi.

Mwaka huu mama mmoja ninayemhudumia shambani aliniomba ushauri. Mwanawe ana kibanda chenye PSP mbili, watoto wanalipia kwa muda. Gemu zilikuwa zinachelewa kufunguka, picha zinaganda katikati ya mechi, wateja wanadai hela yao. Kijana akataka mkopo wa kikundi anunue vifaa vipya, na mama ndiye awe mdhamini. Dhamana yenyewe ilikuwa mauzo ya zabibu ya msimu unaofuata, zabibu ambazo bado hazijachanua. Akaniuliza, "Bwana shamba, nisaini au nisisaini?"

Nilimwambia tukaangalie kwanza ugonjwa ni upi. Huwezi kupiga dawa shamba zima kabla hujageuza jani uone kuna nini chini yake.

PSP ni kifaa cha aina gani

PSP ni gemu ya mkononi ya kampuni ya Sony. Ilitoka Japani Desemba 2004. Prosesa yake mwisho wake ni MHz 333, na memori ya kufanyia kazi kwenye toleo la kwanza ni MB 32 tu. Toleo la 2007 likaongezwa hadi MB 64. Simu janja ya bei ndogo ya leo inaipita mbali. Gemu zake zilikuja kwenye diski ndogo inayobeba hadi GB 1.8. Mtu akihamisha gemu ya diski nzima kwenda kwenye memori kadi, anapata faili linaloitwa ISO, nalo ni zito. Ndiyo maana watu wakaanza kulibana, likawa CSO, ili kadi moja ibebe gemu nyingi.

Kubana faili ni kama kufunga marobota ya majani

Wafugaji mnalijua hili. Ukikata majani ukayaacha yametawanyika, yanajaza banda. Ukiyabana kwenye boksi la mbao ukafunga kamba, banda lile lile linaingiza mengi zaidi. Hakuna jani lililopotea. Lakini ng'ombe hali robota lililofungwa. Kila ukitaka kulisha, lazima ufungue kamba kwanza, na kufungua ni kazi.

CSO iko hivyo. Faili limegawanywa vipande vidogo vidogo, kila kipande kimebanwa peke yake, na mwanzoni kuna orodha inayoonyesha kila kipande kiko wapi. Gemu ikihitaji uwanja au sauti ya mtangazaji, PSP inachukua kipande husika, inakifungua, ndipo inakitumia. Prosesa ambayo tayari inachora wachezaji uwanjani inapewa na kazi ya kufungua kamba. Pale gemu inaposoma vitu vingi kwa haraka, hasa kwenye video za utangulizi na mechi inapoanza, ndipo utaona inasita. Faili la ISO halina kamba, linasomwa moja kwa moja.

ZIP ni jambo jingine. Hiyo ni kama kufunga banda zima kwa kamba moja. PSP haichezi gemu iliyo ndani ya ZIP. Inabidi uifungue yote kwanza kwenye kompyuta, na uwe na nafasi ya kutosha kwa faili lililobanwa na lililofunguliwa kwa pamoja.

Halafu kuna gemu zilizokatwa. Mtu ameondoa video na muziki ili faili liwe dogo. Hapo si kubana tena, ni kukoboa. Mahindi ukishayakoboa yakawa sembe, pumba hairudi. Gemu ya namna hiyo inaweza kukatika ikifika mahali video ilipokuwa, na hakuna kifaa kipya kitakachoitibu.

Tulichofanya kibandani

Tulichukua gemu moja ya mpira, ile inayolalamikiwa zaidi. Kijana aliiweka kwenye PSP hiyo hiyo na kadi hiyo hiyo, kwanza ikiwa CSO, kisha ikiwa ISO. Tukahesabu kwa saa ya simu tangu kubonyeza hadi mpira kuanza. ISO ilitangulia, na video ya mwanzo haikukatika. Kijana alicheka, mama akanyamaza akitazama.

PSP ya pili ilibaki nzito hata kwa ISO. Tukabadilishana kadi kati ya vifaa viwili. Uzito ukahama na kadi. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima, kadi ndiyo iliyochoka.

Mama hakusaini. Kilichonunuliwa ni kadi moja halisi yenye nafasi kubwa, na adapta inayowezesha PSP kupokea kadi ndogo za simu. Hela ilitoka kwenye droo ya kibanda. Zabibu zikabaki za mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia

1. Gemu zinazochezwa sana kibandani ziweke kama ISO. Zile zinazoguswa mara chache zibane. Tuseme unapoteza dakika moja kila gemu inapofunguka, na kwa siku inafunguliwa mara 30: hiyo ni nusu saa ya biashara.

2. Baada ya kubana, linganisha ukubwa. Gemu nyingine diski yake ilijazwa nafasi tupu, hiyo inapungua sana bila madhara makubwa. Nyingine imejaa video na muziki ambavyo tayari vimebanwa na mtengenezaji. Robota huwezi kulifunga likawa robota tena. Kama imepungua kidogo tu, iache ISO.

3. Programu ya kubana inakuuliza kiwango, kuanzia 1 hadi 9. Kiwango kikubwa kinachukua muda zaidi wakati wa kubana. Wakati wa kucheza, tofauti si kubwa. Kinachokugharimu zaidi ni kule kubana kwenyewe.

4. Usijaze kadi hadi pomoni. Na ukinunua kadi mpya, ijaribu siku hiyo hiyo: ijaze mafaili, kisha uyafungue moja moja. Kadi bandia huandikwa GB nyingi juu ya ganda, lakini mafaili ya mwisho hayafunguki.

5. Kwenye simu hali ni tofauti. Programu ya PPSSPP, iliyotoka 2012, inacheza ISO na CSO zote, na prosesa ya simu nyingi za sasa inafungua vile vipande bila kuhangaika. Kama kadi yako ni ya polepole, CSO inaweza hata kusaidia kidogo, kwa sababu kinachosomwa ni kidogo. Simu ikikwama, angalia kwanza mpangilio wa picha, joto la simu na kadi, kabla ya kulaumu faili.

6. Gemu ni jasho la mtu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kubana faili hakukupi ruhusa ya kuuza nakala, na kuwa na diski halali hakumaanishi umeruhusiwa kulipisha watu. Uliza kabla biashara haijakua.

Jambo la mwisho ni kwenu wazazi. Kijana akisema kifaa kimekufa, msimkatalie na msikimbilie kusaini. Kaeni naye, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza faili, kisha kadi, kisha kifaa. Ndivyo tunavyofanya kwenye shamba darasa, tuta moja na mbolea, tuta jingine bila mbolea. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia, na deni halitakusubiri ujue.

Kama una swali kuhusu kibanda chako, andika aina ya kifaa, ukubwa wa kadi na aina ya faili. Wiki ijayo tunarudi shambani: kupogoa mizabibu.