Hibachi Melini, na Habari ya Kanazi Niliyoisikia Ukubwani

Leo nawapandisha meli. Si boti ya Zanzibar, ile ya saa mbili unashuka tumbo limegeuka. Nazungumzia meli ya kitalii, ghorofa linaloelea, lenye mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa muziki na migahawa mingi kiasi kwamba ukitaka kuionja yote utashuka mkanda haufungi.

Tulifikaje huko? Shemeji yangu anaishi Houston, Texas. Alipotimiza miaka kumi ya ndoa aliamua kusherehekea kwa safari ya siku saba, kutoka bandari ya Galveston hadi Mexico na kurudi, na tiketi zetu akazilipa yeye. (Wahaya bwana! Wakitoa wanatoa kweli, na lazima ujue kwamba wametoa.) Kwa mnaopanga safari ya namna hii: hakikisheni viza ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikigusa Mexico mmeshatoka nchini na mtahitaji kurudi.

Mume wangu ni mtoto wa Kanazi, Bukoba Vijijini, kule yalikokuwa makao ya Omukama Kahigi enzi za Mjerumani. Nshomile kamili. Mpe kipaza sauti kwenye sendofu, atakirudisha umeme ukikatika. Lakini tangu nimfahamu kulikuwa na jambo moja: majini hapandi. Fungate letu Zanzibar tulikwenda kwa ndege. Kwao tunakwenda kwa ndege au kwa basi, kuzunguka ziwa lote, mgongo unauma. Nikimuuliza anasema ni kichefuchefu tu. Nikaamini. Sasa kaka yake amelipa, angekataaje?

Kabla meli haijang'oa nanga kila abiria anafundishwa mambo ya usalama. Masharti hayo yalikazwa baada ya Costa Concordia kupinduka huko Italia Januari 2012. Watu wengi walikuwa wanapiga picha na kucheka. Mume wangu alisimama kama kuruta wa JKT, akasikiliza kila neno, kisha akarudi peke yake kuhesabu hatua kutoka chumbani kwetu hadi kwenye maboya. Nilimcheka. Nakiri hapa, nilimcheka.

Usiku wa tatu ndipo tukaenda kula hibachi. Mgahawa wenyewe unaitwa Izumi, maana yake chemchemi kwa Kijapani, na upo kwenye meli nyingi za Royal Caribbean. Chakula cha ukumbi mkubwa kimo ndani ya nauli, lakini hapa unalipa zaidi. Sisi ilitutoka zaidi ya dola 60 kwa kichwa, ukijumlisha na ile asilimia 18 ya huduma. Weka nafasi mapema, viti ni vichache.

Usiende ukitegemea meza ya watu wawili na mshumaa. Meza ni bamba kubwa la chuma lenye moto chini yake, na wateja mnakaa kulizunguka, bega kwa bega na watu msiowajua. Mpishi anasimama upande wa pili. Sisi tulikuwa wanane: mimi na mwenzangu, shemeji na mkewe, mzee mmoja wa Oklahoma na mkewe, na wasichana wawili ambao muda wote walikuwa wanajipiga picha.

Jina la hibachi lenyewe lina kichekesho. Ukienda Japani ukaomba hibachi utaletewa chombo cha mkaa, ndugu yake sigiri yako ya nyumbani, ambacho zamani walikitumia kupasha joto mikono wakati wa baridi. Hiki cha bamba la chuma Wajapani wanakiita teppanyaki, yaani kuchoma juu ya bamba, na mgahawa unaotajwa kuwa wa kwanza ni Misono, mjini Kobe, mwaka 1945. Aliyekifanya kiwe tamasha kule Marekani ni mpiga mieleka mmoja wa Kijapani, Hiroaki Aoki, maarufu kama Rocky, aliyefungua Benihana New York mwaka 1964. Wamarekani wakakipa jina la sigiri, na likaganda.

Mpishi wetu alikuwa Mfilipino, mcheshi kupita kiasi. Kwanza supu nyepesi na saladi yenye tangawizi. Halafu akaanza kupiga visu na mwiko wa chuma kama mpiga ngoma. Yai akalirusha juu, akalidaka kwa kofia, akalirusha tena likapasukia kwenye ukingo wa mwiko. Vitunguu akavipanga kama mlima, ukatoa mvuke tu. Nchi kavu huwa wanauwasha moto unaoruka hadi karibu na dari, lakini kwenye meli yetu hapakuwa na mchezo huo. Moto na meli havipendani. Kisha wali wa kukaanga, kamba, kuku, na nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, laini sana. Kwa ulimi wangu wa Tanga chumvi ilizidi na pilipili haikuwepo, ila kamba walikuwa watamu, siwezi kudanganya.

Mchezo mwingine ni wa kurushiwa kipande cha yai mdomoni. Mume wangu alidaka cha kwanza, meza nzima ikapiga makofi. Mimi changu kiliishia kwenye blauzi.

Yule bibi wa Oklahoma alituuliza tunatoka wapi. Shemeji akaeleza: Tanzania, Kagera, kando ya Ziwa Victoria. Bibi akauliza, kwa nia njema kabisa, "Kwenye ziwa lenu kuna meli kama hizi?"

Shemeji akanyamaza. Shemeji yule, anyamaze! Akainamia wali wake.

Aliyejibu ni mume wangu. Hakumtazama bibi wala mimi, alikuwa anatazama bamba, mpishi akigeuza nyama. Akasema jioni ya tarehe 20 Mei 1996 alikuwa na miaka 11. Mama yake alimpa kikapu chenye ndizi na maharage, zimefungwa kwenye majani ya mgomba, ampelekee shangazi yake bandarini Kemondo. Shangazi alikuwa anasafiri kwenda Mwanza na MV Bukoba. Alitembea mpaka Kemondo, akamkuta shangazi kwenye umati wakingoja meli ifike kutoka Bukoba. Shangazi akapokea kikapu, akampa sarafu ya shilingi 20, akamwambia akimbie nyumbani, giza linaingia.

Asubuhi yake meli ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa Igoma. Shangazi hakupatikana.

"Ile sarafu sikuinunulia kitu," akasema. Bibi wa Oklahoma akamshika mkono. Mpishi akamwongezea kamba bila kuulizwa.

Na mimi? Nitasema ukweli, maana gazeti hili tunaambizana ukweli. Nilikasirika. Miaka sita nimeolewa na huyu mtu, nimemzalia, najua mpaka saizi ya soksi zake, halafu habari kubwa hivi naisikia pamoja na bibi wa Oklahoma! Usiku ule tulitoka kwenye baraza ya nje, upepo unavuma, nikamshukia. Kwa nini wao na si mimi?

Akafikiri sana. Akasema, "Ukiniuliza wewe unanitazama usoni. Pale kila mtu alikuwa anatazama nyama."

Nilitaka kubisha, nikakosa pa kuanzia. Hebu fikirini wenyewe. Tunashauriwa kila siku, hata kwenye kurasa kama hizi, kwamba mkitaka kuzungumza ya moyoni tafuteni hoteli tulivu, mishumaa, mkae uso kwa uso. Mwanaume anakaa pale kama yuko kituo cha polisi. Pale kwenye bamba mnakaa ubavu kwa ubavu, macho yana kazi, mikono ina kazi, na maneno yanapata mwanya wa kutoka.

Desemba iliyofuata tulikwenda Kanazi, msimu wa senene. Mama mkwe alikuwa jikoni na shehena ya ndizi za kumenya kwa ajili ya wageni, nikachukua kisu nikakaa naye. Miaka yote nilikuwa naikwepa kazi ile, utomvu unaganda vidoleni. Tukamenya kama nusu saa, macho kwenye ndizi, tunaongelea bei ya kahawa na nani kaoa nani. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema, "Wifi yangu hakutaka kusafiri siku ile. Alisema angojee meli ya wiki nyingine. Mimi ndiye niliyemharakisha." Akaendelea kumenya. Na mimi nikaendelea. "Pole sana, Mama," nilisema. "Asante, mwanangu. Hiyo umeacha ganda."

Siku ya kuondoka mume wangu alituambia tusikate tiketi za ndege. Alitaka kupanda meli Kemondo. Meli iliyokuwepo ni New Victoria Hapa Kazi Tu, ile ile MV Victoria ya miaka ya sitini, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa ikarudi kwenye safari za Mwanza na Bukoba mwaka 2020. Mama mkwe hakusema kitu. Aliingia jikoni, akatoka na kifurushi cha majani ya mgomba, akampa mwanawe mkononi. Wakatazamana kidogo tu.

Melini alikagua maboya, akahesabu hatua, safari hii nikahesabu naye. Zilikuwa 31 hadi mlangoni. Tulikaa kwenye benchi nje, taa za Kemondo zikizidi kuwa ndogo, tukafungua majani. Mvuke ukatoka. Jirani yetu, kijana mwenye boksi la vifaranga, akakaribishwa, akanawa, akala. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, na kwa mara ya kwanza nikajua kwa nini Wahaya hawataki tuziite chakula cha mchana tu.

Katikati ya kula, mwenzangu akachukua punje ya haragwe, akanilenga mdomoni kama yule Mfilipino. Nikaikosa.