Damu Imesafika, Je, Kwingine?

Msomaji mpenzi, kama unasoma ukurasa huu watoto wakiwa mezani, usome kwanza peke yako kisha uamue. Mambo ya leo ni ya chumbani, lakini ni ya afya vilevile.

Mwishoni mwa 2006 nilikuwa nikifundisha Garissa. Mvua ilinyesha kupita kiasi, Mto Tana ukafurika, barabara zikakatika. Kisha mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba, wengine wakitokwa na damu puani. Wafugaji wa Kisomali waliuita ugonjwa huo sandik, yaani pua ya damu, nao waliutambua kabla ya wakuu wa serikali kuutangaza. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Kufikia 2007 ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini. Wenyeji hawakuwa wamesahau mvua za El Nino za 1997 na 1998, ambapo wataalamu walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa wilayani Garissa.

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi, aliugua akapona. Jioni moja tukinywa chai aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wameniambia damu yangu ni safi. Nikirudi kwa mama watoto, hakuna neno?" Nikamwambia amuulize daktari. Akacheka. Daktari, alisema, ni msichana wa rika la binti yake!

Swali lake halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Virusi vya homa hii vinajua kujificha. Mayai ya mbu waliovibeba hukaa miaka katika udongo mkavu, yakingoja mafuriko. Na mwilini je? Mnamo 2015 mwanamume mmoja aliyewahi kubadilishiwa figo alirudi Ufaransa kutoka Mali akiwa na homa hiyo. Madaktari waliona alama za virusi katika manii yake hadi miezi minne baada ya kuugua. Huyo alikuwa akimeza dawa za kupunguza kinga, kwa hiyo usimfanye kipimo cha kila mtu.

Kwa nini huko? Mbegu za kiume huanza kutengenezwa mvulana anapobaleghe, wakati askari wa kinga wamekwisha kujifunza kitambo nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Wangeziona wangezishambulia. Basi korodani zimewekewa ukuta wa chembe zilizoshikana sana, na kinga hutulizwa humo. Ukuta huo ni rehema kwa uzazi. Lakini kirusi kilichopenya hupata maficho, huku damu ikionekana safi.

Homa yetu hii haijathibitishwa kuambukizwa kitandani. Watu wengi huipata kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu. Ebola ni habari nyingine. Nchini Guinea, mwanamume mmoja aliyepona alionekana na virusi hivyo katika manii zaidi ya siku 500 baadaye. Na jirani zetu wa Kongo mashariki walipodhani wamemaliza mlipuko wa 2018 hadi 2020, Ebola ilirudi karibu na Butembo Februari 2021. Aliyegunduliwa kwanza alikuwa mke wa mtu aliyepona.

Sisi wanaume tuna tabia mbaya: tukiambiwa tumepona, hatuulizi la pili. Na ninyi wake zetu mnaona haya kuuliza, msije mkadhaniwa mnatushuku. Kumbe hapa hakuna uzinzi wala usaliti! Ni mtu aliyepona kweli, anayempenda mkewe kweli.

Shirika la Afya Duniani huwashauri wanaume waliopona Ebola wapimwe manii kuanzia mwezi wa tatu, na watumie mpira hadi majibu yawe safi mara mbili. Pasipo vipimo, wangoje angalau miezi 12. Miezi 12 ni mingi katika ndoa, nakubali. Ndiyo maana ningependa mume na mke waitwe pamoja siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Na kama mgonjwa anamwonea haya daktari msichana, atafutiwe mwanamume, hata mhudumu mzee wa wodi, wakae kando chini ya mti, wazungumze.