Jiwe Linalolia Ilesi na Kasri Lililokosa Bibi

Kama wewe ni miongoni mwa wale wanaofunga safari kila Desemba kutoka Nairobi kwenda kuwaona wazee Kakamega, yamkini umelipita jiwe hili mara nyingi huku ukisinzia kitini. Safari ijayo usisinzie. Ukija kwa barabara ya kutoka Kisumu, mwambie utingo akushushe Ilesi, kabla hujafika mjini. Utapajua kwa vyungu. Kina mama wa hapa ni wafinyanzi hodari, nao hupanga mitungi na vyungu vyao kando ya barabara. Sasa inua macho.

Utaona nguzo ya mwamba yenye kimo cha mita 40 hivi, na juu yake limekaa jiwe jingine la mviringo, mfano wa kichwa kilichoinama kwa huzuni. Kutoka hapo kwenye shingo maji hutiririka polepole yakiacha mfuo mweusi kifuani mwa mwamba. Waisukha hulijua kwa jina la Ikhongamurwi. Sisi wageni tunaliita Jiwe Linalolia.

Mwalimu wa jografia atakueleza kwamba ni maji ya mvua yanayonaswa kule juu na kushuka kidogo kidogo. Sawa, hakosei. Lakini ukiketi na wenyeji utasikia mengine. Masimulizi ni mengi na kila boma lina lake, ila linalopendwa zaidi ni la msichana aliyempenda kijana ambaye babake hakumtaka. Binti alikataa kumwacha mpenzi wake, mzee naye akashikilia neno lake. Mwishowe msichana akageuka jiwe, na hadi leo analia.

Ajabu ni kwamba kisa hicho hakimpi kijana jina wala hakisemi alikwenda wapi. Pengine alioa kwingine akalea watoto wake kwa raha! Anayekumbukwa ni yule aliyelia. Na ukiwa umefuatana na binti yako aliyemaliza kidato cha nne, jihadhari, maana lazima atakuuliza: "Baba, nawe ungenikatalia?"

Huenda ukasema kwamba jiwe hili halikujengwa na mtu, hivyo haliwezi kuhesabiwa pamoja na majengo ya mapenzi kama Taj Mahal ya kule Agra, India. Ni kweli. Lile lilijengwa na mfalme Shah Jahan kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14. Ujenzi ulianza mwaka uliofuata, na inakadiriwa kuwa watu 20,000 walitoa jasho pale. Lakini huna haja ya kupanda ndege kutafuta jengo la namna hiyo. Katika safari yako hiyo hiyo ya kwenda Kakamega, ukifika Nakuru pinda kidogo kuelekea Njoro.

Huko kuna kasri la Lord Maurice Egerton, Mwingereza mwenye mali na mashamba. Inasimuliwa kwamba alimpenda mwanamke mmoja, akamleta aione nyumba aliyokuwa akiishi. Bibi akaitazama akasema hawezi kukaa katika kibanda cha kuku. Badala ya kumsahau, Egerton akaanza kujenga mwaka 1938. Vita vya Pili vya Dunia vilichelewesha kazi, na jengo halikukamilika hadi 1954. Vyumba zaidi ya 50, ukumbi wa dansi, na kinanda kikubwa chenye mabomba! Hata hivyo, yasemekana bibi alilikataa pia, safari hii akidai ni jumba la makumbusho. Egerton hakuoa kamwe. Inasemekana pia kwamba aliwachukia wanawake hata akawakataza kabisa kukanyaga hapo. Alifariki mwaka 1958. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, na chuo hicho ndicho kinacholitunza kasri. Siku hizi mabibi harusi huja kupigwa picha pale pale walipokatazwa.

Mimi, kusema kweli, sikulionea wivu kasri hilo. Nilipotoka Njoro na kuingia vijiji vya Kakamega, niliona majengo mengine ambayo hakuna mtalii anayeyalipia kiingilio. Kijana wa Kiluhya anapobaleghe hujijengea isimba, kijumba chake mwenyewe katika boma la babake. Akioa, hutarajiwa kumjengea mkewe nyumba ya haki, hata kama yeye mwenyewe anapanga chumba kimoja huko Kawangware. Mwaka huu ananunua mabati, mwaka ujao milango. Kina mama huja kukanda udongo na kusiriba kuta. Na katika boma nyingi, mume akifa mjini bila kujenga, ndugu zake hukimbizana kumsimamishia kibanda kabla maiti haijafika, maana ni aibu mtu kurejea nyumbani asikokuwa na mlango. Sijui kama huo ni upendo au ni hofu ya wakwe. Labda yote mawili. Ila nimeona mama mjane akifagia kizingiti cha nyumba ya namna hiyo asubuhi na mapema, akiwa na makini ambayo sikuiona kwa yeyote kule kasrini.

Basi ukifika Ilesi, enda baada ya mvua ndipo machozi yaonekane vizuri. Vaa viatu visivyoteleza, omba ruhusa kwa wenyeji kabla ya kukatiza mashamba yao, na usichore jina la mpenzi wako mwambani. Waliofanya hivyo hawajaliongezea uzuri wowote. Kabla ya kuondoka, nunua chungu kwa wale kina mama. Kipakate hadi Nairobi, usikiweke kwenye keria. Na lile swali la binti yako, mna kilomita zaidi ya 350 za kulijibu.