Sanduku la Bibi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Likizo ya mwezi wa Juni niliipitisha nyumbani kwetu Ujiji, na kazi niliyoifanya huko nataka kuwaeleza, maana wenzangu wa bwenini wameniuliza mpaka nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake.

Bibi yangu haoni. Simu za siku hizi, ambazo ni kioo kitupu, kwake hazina pa kushika, na redio yake ya kaseti ilikwisha kufa. Lakini ndani ya kasha lake alitunza kaseti moja, imefungwa kitambaa. Marehemu babu alikuwa baharia katika meli ya Liemba. Safari moja homa ilimshika akaachwa Mpulungu, Zambia, na huko akaisema barua yake ndani ya kaseti, akampa mwenzake amletee bibi. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Sauti yake sikuwahi kuisikia.

Basi nikakusudia kutengeneza sanduku la nyimbo lenye vitufe ambavyo bibi angevijua kwa vidole. Kwa fedha nilizopata kwa kuanika dagaa Kibirizi, niliagiza vifaa Dar es Salaam: maikrokontrola iitwayo Arduino Uno, kibao kidogo kiitwacho DFPlayer Mini, na memori kadi. Spika niliitoa katika ile redio iliyokufa. Seremala jirani yetu alinipa vipande vya mninga. Vitufe vilikuwa vya kengele za mlango; cha kaswida nikakigundishia ushanga mmoja, cha rumba mbili, cha babu tatu.

Wengi hudhani kwamba maikrokontrola ndiyo inayoimba. Sivyo. Kumbukumbu yake ya kuwekea programu ni kilobaiti 32 tu, na wimbo wa MP3 wa kawaida hula kama kilobaiti 16 kila sekunde, hivyo ingejaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa vizuri. Kazi yake ni ya msimamizi: huangalia ni kitufe gani kilichobonyezwa, kisha hupeleka amri kwa kile kibao. Kibao ndicho kisomacho kadi na kuiendesha spika.

Siku ya kwanza sanduku likavuma kama mzinga wa nyuki. Fundi redio mmoja wa Mwanga, aliyeniazima chuma cha kulehemu, akaniambia nitie rezista ya omu 1,000 katika waya wa amri, kwa kuwa maikrokontrola husema kwa volti 5, na kibao hutaka 3.3. Nikatia, uvumi ukatulia. Tena nilipobonyeza cha kaswida ikatoka rumba ya Franco, bibi akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kibao huhesabu nyimbo kwa jinsi zilivyotangulia kunakiliwa katika kadi, wala hakijali majina yake. Nikafuta zote nikaanza upya.

Lakini iliyonitoa jasho ni kaseti. Fundi yule alikuwa na mashine moja tu ya kaseti, nayo kuukuu. Dakika ya pili ikaanza kuula utepe. Niliona giza. Akaizima, akauchomoa utepe polepole kwa ncha ya bisibisi, akaurudisha kwa kuzungusha kalamu tunduni. Mara ya pili ukapita wote, dakika 11, na sauti ikaingia katika kompyuta yake kwa waya. Ila mahali palipokunjamana neno moja halisikiki tena, na kosa ni langu, maana nilimharakisha fundi.

Jioni nikambonyezea bibi. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

“Mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyonitania, “huyu ni nani?”

“Ni babu, bibi.”

“Babu yako hakuwa na sauti ya kitoto namna hii.”

Nasema kweli, nilikasirika. Usiku ndipo nilipotambua kwamba mashine ya fundi ilikuwa ikienda mbio, na utepe ukienda mbio sauti hupanda ikawa nyembamba. Mimi nisingalijua hata siku moja. Ningalikua nikidhani babu alisema hivyo. Kuipitisha kaseti tena sikuthubutu. Nikarudi Mwanga, na kwa programu ya kompyuta nikaipunguza mbio sauti ile mara tatu: nakala moja kwa 4 katika 100, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 8.

Ya kwanza bibi akasema, “Bado.” Ya pili, “Yuaja.” Ya tatu hakusema neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha mkono kutafuta zile shanga tatu, akabonyeza mwenyewe.

Kila ifikapo pale penye mkunjo huona midomo yake ikicheza. Nimemwuliza ni neno gani lililopotea. Asema si neno la kuambiwa mume mdogo.