Ramani Inaishia Mlangoni

Jamani, simu inakutoa Chalinze mpaka katikati ya Dar bila kukosea kona, ila ukishaingia ndani ya jengo, umekwisha! Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali moja kubwa mjini. Mgongo unamuuma, lifti mbovu, tukapanda ghorofa tatu bure kutafuta chumba cha eksirei.

GPS inasoma setilaiti zilizo kilomita kama 20,000 juu. Mawimbi yakifika yamechoka, zege linayamaliza. Dawa ipo: vifaa vidogo vya Bluetooth au Wi-Fi ukutani, simu inapima nguvu ya mawimbi yake inajua uko wapi.

Sisi tulifikishwa na dada wa usafi. Wenye majengo, kama hayo ni ghali, basi wekeni hata vibao! Mgonjwa hana miguu ya akiba.

Wewe ulipotelea wapi?